Majina Saba ya Jineri

Memphis, Tennessee
14 Januari 2024

Baba mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Mwangaluka, baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kile kifua kimetulia. Mimi huku sijambo, ila baridi imezidi. Juzi maji yaliganda kwenye bomba, nikapiga mswaki kwa maji ya chupa.

Mdogo wangu Joakim kaniambia miwani mipya umeipata. Basi sasa huna kisingizio, maana simu kwako ni ya kuwashia tochi tu, na nikipiga nikapiga kelele majirani zangu wanadhani kuna ugomvi. Tuandikiane. Nimemwambia Joakim barua zako azichukue posta Bariadi kila anapopita na gari.

Unasema watu wa jumuiya wanakuuliza mwanao anafanya nini Marekani, ukiwajibu "anasoma" wanacheka, mtu wa miaka thelathini na mbili bado anasoma? Waambie hivi. Naandika historia ya watu waliolima pamba huku miaka tisini iliyopita. Shamba si lao, nyumba si yao, hata nyumbu wa kulimia, yule chotara wa punda na farasi, si wao. Msimu ukiisha mwenye shamba anapima kwa mizani yake na kuandika kwa kalamu yake, na wao wanabaki kama walivyoanza. Wengi walikuwa weusi, wajukuu wa watumwa, lakini walikuwepo na Wazungu maskini pia. Mwaka mmoja wakakutana kwenye kanisa la mbao, weusi na weupe, wakaunda chama kimoja. Baba, wale weusi walikuwa hawapigi kura ya serikali. Wakijaribu, wanapigwa wao. Kwenye kile chama ndipo mzee wa miaka sitini aliulizwa kwa mara ya kwanza, "Wewe unaonaje?" na mkono wake ukahesabiwa. Nilipoisoma hiyo nilishindwa kuendelea na kazi siku hiyo.

Sasa kuna daftari la msimamizi wa shamba moja. Ukurasa mmoja una majina kumi na moja ya watu waliojiunga na chama. Wiki iliyofuata familia zote kumi na moja zilitolewa nje, Januari kama hii, vitanda na kuku barabarani. Aliyepeleka majina ni mwanachama mwenzao. Bado sijajua ni nani. Nitamjua tu.

Wewe umekaa jineri ukichambua pamba miaka kumi na tisa, mpaka kelele za ile misumeno ya mashine zikakumaliza masikio. Niandikie kuhusu kazi ile. Nataka kuiweka mwanzoni mwa kitabu, watu wajue pamba naifahamu tangu nyumbani.

Msalimie Joakim na shemeji Goodness.

Mwanao,
Klementina


Kasoli
25 Februari 2024

Mwanangu Klementina,

Milele amina. Mwangaluka, mayu. Barua imefika na nimeisoma mara mbili, ya kwanza haraka, ya pili polepole. Hapa sisi wazima. Mvua inakuja na kuondoka. Pamba ipo kwenye palizi ya pili na Joakim ananikataza kushika jembe, nashika akiondoka.

Mambo ya huko yamenishangaza. Hao Wazungu maskini nao walichuma pamba kwa mikono? Na yale makapi yaliwachoma vidole kama sisi? Mimi nilidhani Mzungu anaiona pamba ikiwa shati. Nilimsomea katekista Thomasi pale uliposema mzee alihesabiwa mkono wake. Akatikisa kichwa muda mrefu. Yeye alizungumza, mimi sikusikia alichosema, nikaitikia tu.

Kuhusu jineri hakuna cha kuandika. Ni vumbi na kelele. Inaingia pamba mbegu upande huu, inatoka nyuzi upande ule. Andika hivyo inatosha.

Ule vizuri. Vaa sweta.

Baba yako,
Athanasi


Memphis
7 Aprili 2024

Baba mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Mwadila, baba. Habari za huko, habari za mifugo? Mimi mzima sana leo, nina furaha kama mtu aliyepata ng'ombe aliyepotea.

Nimempata! Aliyepeleka majina anaitwa Amos. Alikuwa mtunza hazina wa kile chama chao, mtu mweusi, mzee wa kanisa, walimwamini hata funguo walimwachia yeye. Baada ya wenzake kutupwa barabarani yeye alihamia nyumba yenye sakafu ya mbao. Nimemwandikia kurasa arobaini na hakuna humo mstari mmoja wa huruma. Profesa wangu anasema nimekuwa mkali mno, nimuulize vizuri huyo mtu kabla ya kumhukumu. Nimuulize vipi na alishakufa? Watu wa namna hiyo, baba, ndio waliofanya wengine wote wachelewe miaka thelathini kupata haki yao. Mwenye shamba alikuwa adui, hilo linajulikana. Lakini huyu alinyoosha mkono pamoja nao! Sidhani kama anastahili hata kuandikwa jina lake. Naliandika kwa sababu ni kazi yangu.

Nikiwa kwenye haya nimemkumbuka mjomba Maduhu. Nilikuwa mdogo alipofukuzwa jineri, na nyumbani ilisemwa aliiba marobota. Mama alikuwa hataki hata jina lake litajwe. Lakini nikifikiri sasa, mtu mmoja anaibaje robota, ule mzigo usioinuliwa hata na watu wawili? Na nakumbuka walifukuzwa wengi siku moja. Je, walikuwa na chama? Walidai kitu? Wewe ulikuwepo. Ni kweli mjomba aliiba?

Nijibu, baba, hili nalihitaji.

Mwanao,
Klementina


Memphis
30 Juni 2024

Baba,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini u mzima. Joakim ananiambia hujaumwa, unakula, unakwenda misa, na barua yangu alikuletea mwenyewe mwezi wa tano. Sasa mbona kimya? Kama nimekosea kumtaja mjomba, basi, nisamehe. Sikujua kwamba bado inauma hata baada ya mama kuondoka.

Niandikie hata mistari miwili ya hali ya hewa.

Mwanao,
Klementina


Kasoli
11 Agosti 2024

Mwanangu Klementina,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima. Joakim mzima. Tunang'oa miti ya pamba tuichome kabla mabwana shamba hawajaja kutusumbua.

Nisamehe kwa kimya. Barua yako ya Aprili naisoma kila siku baada ya chai, kisha naikunja. Nimeanza kukujibu mara nne nikachana.

Umeuliza kama Maduhu aliiba. Hakuiba.

Mwaka tisini na saba jineri ilikuwa imepata mwenyewe mpya. Vumbi lilitujaa kifuani mpaka mtu akikohoa anatema pamba. Mtu mmoja wa Nyashimo, Josia, mashine ilimkata mkono, wakampa nauli ya kurudi kwao, basi. Maduhu ndiye aliyeendesha mashine ile. Alimchukua Josia mikononi, na tangu siku hiyo akawa hakai akatulia. Jumapili moja baada ya misa alituita nyumbani kwake, tulikuwa wanane. Akasema tuombe vitambaa vya kufunika pua, tuombe Josia alipwe, na Jumatatu ya wiki ya pili yake mashine zisiwashwe mpaka meneja aje aongee na sisi. Akauliza nani anakubali. Tulinyoosha mikono wote. Mimi nilikuwa wa pili kunyoosha. Mama yako ndiye aliyetuletea uji siku ile, alikuwa amemtembelea kaka yake, na alituona tukicheka.

Ijumaa meneja akaniita ofisini. Akanipa kiti. Miaka minane nimefanya kazi pale nilikuwa sijakaa kwenye ile ofisi hata mara moja. Akasema, "Athanasi, nasikia kuna watu wanataka kunisimamishia kazi. Wewe umesoma, una akili. Natafuta mnyapara wa zamu ya mchana. Nikiwajua hao watu, nitaachana na wengine wote. Nisipowajua, nafukuza zamu nzima."

Nikamtajia. Hakunipiga, wala hakunitisha zaidi ya hapo. Majina saba. La Maduhu nilianza nalo, kwa sababu nilijua nikiliacha la mwisho litanishinda.

Nilidhani watafukuzwa tu. Jumatatu polisi wakaja, meneja akasema ni wezi wa pamba. Walikaa mahabusu wiki tatu, kisha wakaachiwa bila kesi, na kazi hawakupata tena jineri yoyote upande huu. Neno la wizi halikutoka kinywani mwangu pale ofisini. Lakini mama yako aliponiuliza jikoni, "Athanasi, kaka yangu kaiba kweli?" nilimjibu, "Kaiba. Nimeona mwenyewe."

Ndiyo maana mama yako hakumsalimia kaka yake miaka ishirini na moja, mpaka amekufa. Alikuwa akikutana naye mnadani anageuza uso, na akirudi nyumbani anakaa jikoni kimya. Mimi nilikuwa namwona. Kila siku nilikuwa naweza kusema, na kila siku nilinyamaza.

Ningeweza kukuandikia kwamba nilifanya kwa ajili yako, maana ada ya sekondari ilitoka kwenye ule unyapara. Sitakudanganya na hilo. Ulikuwa na miaka sita, sikukuwaza hata kidogo. Niliogopa, na kile kiti nilikipenda.

Hata Joakim sijamwambia. Padre nilimwambia, akanipa malipizi, nikayafanya, na bado.

Wewe umesema Amos hastahili hata kuandikwa jina. Sikukatazi, ni kazi yako na umesomea. Nimetaka tu ujue unamwandikia nani barua.

Baba yako,
Athanasi


Kasoli
20 Oktoba 2024

Mwanangu Klementina,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini u mzima. Jibu lako halijafika, au posta inachelewa. Sikulaumu.

Nimekwenda kwa Maduhu. Anaishi Zagayu siku hizi, alihamia kwa wakwe. Nilipanda bodaboda, nikashuka barabarani nikatembea mwenyewe mpaka kwake, maana sikutaka mtu wa pikipiki aone. Nilimkuta nje na mkewe Nyanjige wanapukuchua mahindi. Amezeeka, mguu mmoja anaburuta. Hatujakaribiana hivyo tangu mwaka ule.

Nilijua nikikaa nitaanza habari za mvua. Nikasimama, nikavua kofia, nikaangalia chini, nikasema yote kama nilivyokuandikia. Ofisi, kiti, majina, na nililomwambia mama yako. Sijui nilisema kwa sauti gani, mimi sauti yangu siisikii. Labda nilipiga kelele, labda nilinong'ona. Nilipoinua macho Nyanjige alikuwa analia, kashika kanga mdomoni. Maduhu alisema maneno machache. Midomo niliiona, maneno sikuyapata. Kisha akageuka akaingia ndani.

Nikangoja kidogo. Mlango ukabaki vile vile. Nikaona hilo ndilo jibu, na ni haki yake. Nikavaa kofia nikaondoka haraka nisimlazimishe kutoka tena.

Lakini yale maneno machache yananisumbua. Alisema nini? Kama ni laana nataka kuijua, nisije nikafa sijui nimelaaniwa nini. Siwezi kumtuma Joakim bila kumweleza. Nakuomba wewe, mayu. Namba ya Nyanjige niliipata kwa katekista wa kule, nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Mpigie. Wewe kazi yako ni kuuliza watu habari za zamani. Muulize Maduhu aliniambia nini, uniandikie.

Baba yako,
Athanasi


Kasoli
15 Desemba 2024

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Noeli njema na mwaka mpya mwema.

Kifua kimerudi. Nilikuwa hospitali siku tano, sasa nipo nyumbani, Goodness ananipikia uji wa ulezi. Mvua imeanza vizuri, Joakim kapanda pamba.

Sijapata barua yako. Kama ulimpigia Maduhu na maneno ni mabaya, usiyapunguze. Niandikie hivyo hivyo alivyosema.

Nimeandika nikusalimie tu.

Baba yako


Memphis
16 Februari 2025

Baba,

Mwangaluka, baba.

Joakim alinipigia tarehe nne, asubuhi huko, mimi nilikuwa ndiyo nimetoka maktaba. Hakusema hata habari. Alisema, "Dada, kaa chini." Nikakaa kwenye ngazi za pale nje, watu wakawa wananiruka na mabegi yao.

Sikuja kukuzika. Mwanasheria wa chuo aliniambia mambo ya viza mwaka huu hayaeleweki, nikitoka sasa naweza kukataliwa kurudi, na kitabu kimebaki sura mbili. Nilikuwa na siku moja ya kuamua. Nilikaa. Joakim aliniwekea simu juu ya meza nione, mtandao ukawa unakatika, nikaona mabega ya watu na kipande cha mbingu. Nikasikia wanaimba. Kisha ikakata kabisa.

Naandika kwa sababu kuna kitu chako ninacho.

Barua yako ya Agosti ilinifika Septemba. Niliisoma nimesimama mlangoni na begi begani. Sikukujibu. Nilikuwa namfikiria mama jikoni. Kumbuka wakati ule mimi nilikuwa nakaa naye pale, napepeta mchele, namuuliza "mama una nini?" anasema "moshi." Nilisema moyoni sitamwandikia huyu mtu mpaka nijue namwita nani. Ile ya Oktoba ilipokuja nikaiweka juu ya meza wiki mbili. Mwisho nikapiga ile namba, si kwa ajili yako. Nilipiga kwa sababu nilitaka kumsikia mjomba akikulaani. Nilikuwa na kalamu mkononi, kama ninavyofanya kazini. Ilikuwa tarehe 17 Novemba.

Alipokea Nyanjige, akampa mjomba simu. Sauti yake, baba, ni ya mama. Nilikuwa sijui hilo. Nilijitambulisha, akaniuliza kama nimeolewa, na kama huku kuna ugali. Nikamwambia nimetumwa na wewe, unataka kujua alisema nini siku ile.

Akasema, "Kwani hakusikia?"

Nikamwambia hasikii, mjomba. Tangu miaka mingi. Jineri ilimmaliza masikio.

Nikamsikia anamwambia mkewe kwa Kisukuma, "Hasikii. Athanasi hasikii." Nyanjige akaanza kulia.

Kisha akaniambia. "Nilimwambia, 'Shemeji, umekuja kwa jua hili, kaa kwanza ule.' Nikaingia ndani kumtolea kiti. Tuna kiti kimoja cha kuegemea, kilikuwa chumbani kina nguo, nikaanza kuzitoa. Huu mguu haunisaidii, nikachelewa. Nilipotoka nacho hayupo. Nilidhani amekataa kukaa kwangu."

Nikamuuliza kama hakuwa na hasira. Akasema hasira alikuwa nayo miaka mingi. Akasema alijua kwamba ni wewe tangu mahabusu, meneja mwenyewe alimwambia ili amuumize. Nikamuuliza, sasa mbona hukumwambia mama? Akasema, "Ningemwambia, angekaa na nani? Alikuwa na nyinyi wawili, bado wadogo." Ndivyo alivyosema. Alimwacha mama amchukie ili asimpoteze mume.

Niliyaandika yote. Nina karatasi, ina tarehe, ina saa, ina majina ya waliokuwepo, kama nilivyofundishwa. Na sikukutumia.

Ningeweza kumtumia Joakim ujumbe akuandikie kwenye daftari kubwa, ungeyajua siku hiyo hiyo. Nilifikiria. Nikasema, acha angoje kidogo. Mama alingoja miaka ishirini na moja bila kujua anachongoja, na yeye angoje hata mwezi. Ndivyo nilivyosema, baba, sikupotewa na barua wala posta haikuchelewa. Desemba ulipoandika "usiyapunguze" niliona aibu, nikaanza barua, nikaiacha kwenye neno "mpendwa" kwa sababu sikuwa na hakika. Januari ikaja na mitihani ya kusahihisha. Stempu nilikuwa nazo.

Sura ya Amos sijaibadilisha. Familia kumi na moja zilitupwa nje, hilo siwezi kulifuta kwa sababu nimelia. Profesa kaniuliza tena kama nimemaliza na huyo mtu. Nimemwambia sijui. Nimesoma miaka kumi jinsi watu wanavyoumizana na kunyamaziana, nikayafanya yale yale kwa mkono wangu, tena nikiwa na akili timamu.

Barua hii Joakim ataileta kaburini, nimemwambia asiifungue. Yeye bado hajui chochote. Nitamwambia nikija, uso kwa uso, maana mjomba anastahili kuja kwetu bila kuangaliwa kama mwizi.

Kuna jambo moja limebaki na ndilo linaloniuma zaidi. Tulipokuwa tunaagana siku ile, mjomba alinishika kidogo kwenye simu. Akasema, "Mwambie arudi. Kiti kipo nje sasa, nimekiacha hapo hapo. Mwambie mapema, mama, sisi tumeshazeeka."

Nikamjibu, "Nitamwambia leo leo, mjomba."

Ndivyo nilivyomjibu, baba.

Mwanao,
Klementina